Mzimu Nao Una Kwao

Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumza juu ya jamaa na majirani, kwamba anayekujua, hata akikudhuru, hukosi kubakishiwa kitu. Lakini nionavyo mimi, methali hiyo inabeba pia ukweli kuhusu mazimwi yenyewe. Kiumbe cha kutisha kinachosimuliwa mahali fulani ni kiumbe kinachoijua vyema jamii ya mahali hapo. Kinaijua lugha yake, dini yake, namna inavyozika wafu wake na mambo inayoyaonea haya. Mzimu hauzuki gizani hivi hivi tu. Una kwao, kama vile mimi nawe tulivyo na kwetu.

Nalisema hili kwa sababu katika shule zetu, hasa zile za bweni, hadithi za mizimu, mapepo na majini husimuliwa usiku taa zinapozimwa, na asubuhi ni nadra kumpata mwalimu anayeuliza zilitoka wapi. Tunazipuuza zikiwa bado hadithi, kisha tunashtuka zinapogeuka kuwa fujo, maradhi au chuki. Hoja yangu leo ni kwamba hadithi hizi zina mafunzo mazito zikisomwa pamoja na dini na utamaduni uliozizaa. Zikikatwa kutoka katika asili yake, hubaki kuwa hofu tupu, na hofu ya namna hiyo haikawii kumtafuta mtu wa kulaumiwa.

Hebu tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili ni shahidi mwema. Mzizi mmoja umetupa mzimu, zimwi, kuzimu na hata wazimu wa kichwani. Mzizi huo huo umetapakaa katika lugha nyingi za Kibantu. Wakamba huziita roho za wafu aimu. Wagikuyu humwita irimu yule zimwi mla watu wa katika ngano zao. Watswana wa kusini mwa Afrika huwaita wahenga wao badimo, na Mungu mwenyewe humwita Modimo. Neno la asili moja limekuwa mhenga kwa huyu, mla watu kwa yule, na Muumba kwa mwingine. Tena tunalo neno kizuka. Kizuka ni kiumbe cha kutisha kinachotokea ghafla; na kizuka pia ni mjane aliye katika eda, anayekaa ndani miezi minne na siku kumi baada ya kufiwa na mumewe. Watu wa pwani wametumia neno moja kumtaja aliyerudi kutoka kwa wafu na aliyebaki karibu mno na mfu. Mwanafunzi anayeonyeshwa jambo hili ataanza kuona kwamba hofu nayo ina sarufi yake.

Sasa twende kando ya Ziwa Viktoria. Miongoni mwa Waluo husimuliwa habari za nyawawa, roho zinazopita usiku pamoja na upepo wa ziwani. Zinapodhaniwa kupita, watu hugonga mabati, madebe, sufuria na milango, mji baada ya mji, ili zipite zisitue. Mgeni huweza kucheka. Lakini atazame tena: kila anayegonga debe lake humwamsha jirani yake naye agonge la kwake, na hivyo ulinzi huwa ni wa kijiji kizima. Kuna pia jachien, roho ya marehemu anayerudi kudai haki yake, aghalabu kwa sababu alidhulumiwa alipokuwa hai au hakuzikwa inavyostahili. Hadithi ya jachien haiwezi kueleweka na mtu asiyejua uzito wa boma, ukoo na kaburi la nyumbani katika utamaduni wa Waluo.

Hofu hiyo iliwahi kufikishwa mbele ya majaji wa nchi hii. Wakili maarufu, S. M. Otieno, alifariki mnamo Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukashikilia kwamba sharti azikwe Nyalgunga, katika Siaya. Kesi ikavuma nchi nzima kwa miezi mitano, na mashahidi wakahojiwa juu ya imani kwamba mtu aliyezikwa kinyume cha mila hurudi kuwasumbua walio hai. Hata mwanafalsafa Henry Odera Oruka alisimama kizimbani kueleza mila hizo. Mnamo Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na marehemu akazikwa Nyalgunga. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa uamuzi huo, na wengi bado wanabishana kuhusu haki za mjane. Lakini hawezi kudai kwamba mizimu ni porojo za watoto wa bweni, ilhali ilijadiliwa na mawakili waliovaa majoho.

Ukambani tunakutana na mwanachuoni aliyetufungulia mlango wa elimu hii. Profesa John Mbiti, aliyefariki mwaka wa 2019, alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Wakamba mwaka 1966, na miaka mitatu baadaye akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Mbiti alieleza kwamba marehemu ambaye bado anakumbukwa kwa jina ni mmoja wa jamaa: hutiliwa kinywaji, huwekewa chakula, na watoto hupewa jina lake. Akishakufa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu huyo huzama katika kundi la roho zisizo na majina, na hizo ndizo watu wanazoziogopa zaidi. Tunarudi basi kwa methali yetu. Zimwi likujualo lina mipaka, lisilokujua halina.

Wamijikenda nao wana koma, roho za wafu wanaowajia jamaa zao katika ndoto na kuwakumbusha wajibu. Miongoni mwa Wagiriama, mzee wa chama cha Gohu alipokufa alichongewa kigango, nguzo ya mti yenye nakshi, ili roho yake iwe na mahali pa kukaa katikati ya wazao wake. Kuanzia miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia katika makumbusho ya Marekani kama mapambo. Familia zilizoibiwa ziliona ukame, maradhi na vifo vilivyofuata kuwa ni kilio cha wahenga waliong'olewa. Baadhi ya vigango vimerejeshwa nchini. Viwili vilirudi mwaka 2007, na vingine thelathini vilirejeshwa na jumba la makumbusho la Denver katika mwaka wa 2019. Kwa Mgiriama, mzimu unaosumbua ni mzimu uliofukuzwa nyumbani. Imani hiyo hiyo ya kuwaheshimu waliotangulia imesaidia kuilinda misitu ya Kaya, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mahali ambapo askari wa msitu hayupo, hofu ya wahenga imeuzuia mkono wenye shoka.

Zilipoingia dini kutoka ng'ambo, hadithi hizi hazikufa. Zilibadilishiwa mavazi. Ukristo wa wamishenari, ambao katika nchi hii ulianzia Rabai mwaka 1846 kwa juhudi za Krapf na Rebmann, haukuwa na nafasi ya babu anayerudi kudai tone la pombe. Kwa hiyo babu aligeuzwa pepo mchafu. Chukua mfano wa neno ngoma katika Kigikuyu. Zamani lilikuwa jina la roho za wafu, wema kwa wabaya. Leo, masikioni mwa vijana wengi, ngoma ni shetani. Aliyekuwa akitambikiwa sasa anakemewa. Simulizi za siku hizi zinafuata mkondo huo: panapotokea ajali nyingi katika kona fulani ya barabara kuu, husemwa kwamba damu iliyomwagika inaita damu nyingine, na wahubiri hufika hapo kuomba na kukemea. Wazo la damu inayodai ni la kale. Sauti ya kipaza sauti na jina la Yesu ni mapya.

Pwani hali ni nyingine, na hapa ningependa kusimama kidogo kwa maana ndipo palipo na upotoshaji mwingi. Kwa Mwislamu, jini si mzimu. Jini ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu aliyeumbwa kwa moto, kama binadamu alivyoumbwa kwa udongo. Qurani ina sura nzima, ya 72, inayoitwa kwa jina la viumbe hao, na inaeleza kwamba miongoni mwao wapo waumini na wapo makafiri. Mtu aliyekufa, kwa upande wake, yuko barzakhi akingoja Kiyama. Hana ruhusa ya kuzurura vichochoroni. Ndiyo sababu hadithi za mji wa kale wa Mombasa au za Lamu hazimtaji sana babu aliyefufuka. Zinamtaja mwanamke mrembo anayenukia udi, ambaye kijana aliyechelewa kurudi nyumbani humfuata usiku, hata akitupa jicho chini huona kwato badala ya nyayo. Aliyelelewa katika utamaduni huo anajua hadithi hiyo inafunza nini: adabu, saa za kutembea, na hatari ya kuupenda uzuri usioujua nasaba yake.

Isitoshe, pepo wa pwani wana makabila. Katika ngoma za kupunga pepo zilizojulikana Unguja na pwani yetu, pepo alipopanda kichwani mwa mgonjwa aliulizwa jina, nchi yake na anachotaka. Wapo waliosemekana kuwa Wahabeshi, wapo Waarabu, na wapo wa kibuki, yaani wa kutoka Buki, jina la kale la Kiswahili la Madagaska. Kila mmoja alikuwa na ngoma yake, nguo zake na chakula chake. Historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, pamoja na dhuluma ya utumwa iliyoandamana nayo, imehifadhiwa katika orodha hiyo ya mapepo kuliko inavyohifadhiwa katika daftari nyingi za wanafunzi wetu. Masheikh wengi wameyapinga mambo hayo na kuyaita ushirikina, na wana hoja zao za kidini. Lakini ubishi huo wenyewe ni sehemu ya simulizi.

Asije mtu akadhani kwamba jambo hili ni la Waafrika pekee. Walimu wa fasihi wanaijua tamthilia ya Hamlet, aliyoiandika Shakespeare takriban mwaka 1600. Mzimu wa mfalme unaomtokea mwanawe unaeleza kwamba unachomwa kwa muda mpaka dhambi zake zitakasike. Hiyo ni toharani, fundisho la Kanisa Katoliki ambalo Kanisa la Uingereza lilikuwa limekwisha kulikataa. Hamlet naye anatoka kusoma Wittenberg, mji wa Martin Luther. Si ajabu basi kwamba kijana huyo anashindwa kuamua kama aliyemwona ni baba yake au ni shetani aliyejigeuza. Ubishi wa dini mbili za Ulaya umeingia ndani ya mzimu mmoja. Tunamfundisha mwanafunzi wetu kuuchambua mzimu wa Denmark kwa makini yote, kisha tunamkataza kuutaja wa nyumbani kwao.

Ni nini basi hutokea hadithi hizi zinapohamishwa bila asili yake? Nitatoa mfano niliouona. Katika shule moja ya bweni ya bara ambako nilifundisha, msichana mmoja alianguka usiku akapiga mayowe, na baada yake wakaanguka wengine wanne. Kulipopambazuka, bweni zima lilikuwa limekwisha kuamua kwamba majini yaliletwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyetoka pwani. Ushahidi ulikuwa ni chupa ya marashi na tasbihi vilivyokuwa sandukuni mwake. Hakuna aliyetaka kulala karibu naye wala kula naye meza moja. Nilipouliza katika kikao cha walimu ni nani kati yetu anayejua tofauti ya jini na mzimu, au maana ya tasbihi, niliambiwa kwamba huo haukuwa wakati wa mihadhara. Mhubiri aliitwa kukemea. Baada ya juma moja baba yake binti huyo alisafiri usiku kucha kwa basi, akamchukua mwanawe akaenda naye. Hakurudi. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili alifukuzwa na hadithi ambayo wenzake hawakuielewa.

Hayo si mambo ya shule moja tu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ilipofikishwa Bungeni mwaka 1999 ilitaja shule miongoni mwa mahali palipodaiwa kuingiliwa. Tangu hapo hofu ya bwenini ilikuwa imepata muhuri wa serikali. Kule Unguja na Pemba, mwaka 1995, ambao ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, kulizuka hofu ya Popobawa, aliyesemekana kuwavamia watu usingizini. Watu walilala nje makundi kwa makundi wakikesha kando ya moto, na huko Unguja umati ukamuua mtu mgonjwa wa akili kwa kudhani kwamba ndiye. Na hapa kwetu, Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati wa watu katika eneo la Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Daima anayelipa ni yule asiye na mtetezi: mgeni, mgonjwa, mkongwe.

Wako watakaonijibu kwamba dawa ni kupiga marufuku simulizi hizi shuleni. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Marufuku itawanyamazisha walimu peke yao. Bweni litaendelea kusimulia. Wako pia watakaosema kwamba sayansi imekwisha kuyajibu yote. Ni kweli sayansi ina mengi ya kutuambia. Madaktari wanaeleza jinsi mtu anavyoweza kuzinduka usingizini mwili ukiwa bado umekazana, akahisi amekaliwa kifuani, jambo ambalo Waswahili waliliita jinamizi. Tena mnamo Januari 30, 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, kulianza kicheko kisichozuilika kilichowashika wanafunzi 95 kati ya 159, hata shule ikafungwa mwezi Machi. Wachunguzi hawakupata sumu wala vijidudu. Walipata watoto waliolemewa, na miili yao ikasema yale ambayo vinywa havikuthubutu kuyasema. Lakini sayansi hutueleza kwa nini msichana ametetemeka. Haituelezi kwa nini wa Kashasha walicheka, wa Unguja waliona popo, na wa shule niliyoitaja waliona jini la pwani. Hilo ni jukumu la mwalimu wa fasihi, historia na dini.

Kwa hiyo natoa rai kwa walimu wenzangu. Kwanza, tuziingize hadithi hizi katika vipindi vya fasihi simulizi waziwazi, mchana kweupe. Kila mwanafunzi na akamhoji nyanya au babu yake wakati wa likizo, aandike hadithi moja ya mzimu wa kwao, kisha ajibu maswali manne: Ni nani aliyekufa au anayetisha? Anadai nini? Ni wajibu gani unaolindwa na hofu hiyo? Na msimulizi ni wa dini gani? Darasa lenye watoto wa Siaya, Kitui, Kilifi na Nyeri litajionea lenyewe kwamba hadithi zatofautiana kwa sababu makaburi, ibada na mashamba yanatofautiana.

Pili, mwalimu wa elimu ya Kikristo na yule wa elimu ya Kiislamu waketi pamoja mbele ya wanafunzi, kila mmoja aeleze dini yake inafundisha nini juu ya wafu, malaika, majini na mashetani. Si kwa kushindana, bali ili pasiwe tena na mtoto wa kudhaniwa kuwa ni mchawi kwa ajili ya tasbihi.

Tatu, mwanafunzi akianguka au kutetemeka, apelekwe hospitali kwanza, wazazi waarifiwe, na mwalimu mshauri azungumze na wenzake bila kukawia. Anayetaka kuomba na aombe, maana imani ya mtu ni haki yake. Ila jina la mtu lisitajwe kuwa chanzo. Kanuni hiyo moja tu, ikishikwa na kila mwalimu wa zamu, ingeokoa wengi.

Nanyi wanafunzi, msione haya kusimulia. Simulieni sana, lakini mkishasimulia, ulizaneni mzimu huo unatoka kwa nani na umebeba dai gani. Mwenye kujua asili ya hadithi hatamrushia mwenzake jiwe kwa ajili yake. Wahenga walikwisha kutuonya: usilolijua ni kama usiku wa giza. Kazi ya shule ni kuwasha taa katika usiku huo kabla mtoto mwingine hajafungiwa sanduku lake na kurudishwa kwao.